Amplifaya ya bluetooth yenye valvu mbili juu, laki tatu na nusu: zinafanya kazi au ni urembo?

Mnkuhungu
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kwa wanaoelewa haya mambo ya mziki. Nipo Dodoma, sebule yangu ya kawaida tu, nataka kuachana na sabufa maana besi imemeza kila kitu, ukiweka kwaya sauti za juu hazisikiki, ukiweka dansi la zamani lile gitaa la solo linapotea kabisa unabaki na dum dum tu, na mimi napenda sana zeze na ilimba za kwetu Ugogo ambazo kwenye sabufa ndo hazina nafasi kabisa.

Sasa leo nimepita duka moja karibu na soko la Majengo nikakuta amplifaya ndogo na spika zake mbili, juu yake kuna vioo viwili vinawaka rangi ya chungwa. Muuzaji anasema hizo ni valvu, vile vioo vya kukuza sauti vya redio za zamani, ndio maana sauti ni laini, wati 100 kila upande, bluetooth ipo, flashi ipo, bei laki tatu na nusu. Nimesikiliza pale dukani ila kelele za mtaani sikuweza kupima vizuri.

Nauliza hivi, hizo valvu kweli zinafanya kazi au zimewekwa kuvutia wateja? Zikifa zinapatikana? Na kama ni urembo, kwa hela hiyo ninunue nini? Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kaka_wa_Area_C
Urembo huo mkuu. Hakuna amplifaya ya valvu ya laki tatu na nusu dunia hii, za kweli ni milioni kwenda juu. Tafuta deki ya zamani ya Japani.

FundiMakole
@Kaka_wa_Area_C hapo umejibu haraka. Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndio inayomhusu mwenye swali.

Mkuu Mnkuhungu nakuandikia kirefu maana hizi mashine zinapita sana mezani kwangu siku hizi. Amplifaya yoyote ina kazi mbili, kwanza kuikuza ile sauti ndogo inayotoka kwenye simu, halafu kuipa nguvu ya kusukuma spika. Amplifaya ya valvu mwanzo mwisho inatumia valvu kwa kazi zote mbili, na ile kazi ya pili ndio ya gharama kwa sababu valvu inataka umeme wa volti 250, 300 huko na inatoa mkondo mdogo, wakati spika inataka volti chache na mkondo mkubwa, kwa hiyo katikati lazima kuwe na transfoma ya kugeuza, moja kwa kila spika, na ya tatu ya umeme wa ukutani. Chuma na kopa hiyo ndio bei yenyewe, na ndio uzito. Ukiinua amplifaya ya valvu kamili mkono unajua.

Hiyo uliyoiona nina uhakika haina transfoma hata moja juu yake, inatumia adapta kama ya laptop. Maana yake valvu mbili zinafanya kazi ya kwanza tu, kazi ya kusukuma spika inafanywa na IC ndogo ya dijitali (kipande kimoja chenye sakiti nzima ndani), nyingi nilizofungua zina TPA3116 ya Texas Instruments au ndugu zake. Kwa hiyo si uongo kwamba kuna valvu, ila sauti unayoisikia nguvu yake yote imetoka kwenye IC.

Na ule mwanga wa chungwa usikudanganye. Hita ya valvu ndogo, yaani ule waya wa kuipasha moto, inawaka kwa mbali sana, tena imejificha ndani ya kimrija cha chuma, mchana unaweza usiione kabisa. Kinachowaka vile ni LED imewekwa chini ya soketi inamulika kioo kwa chini. Ziba mwanga kwa mkono uangalie kutoka ubavuni utaiona.

Kupima kama valvu imo kwenye njia ya sauti fanya hivi. Washa, ongeza volumu kidogo bila mziki wowote, halafu gonga kioo polepole kwa penseli. Kama sauti inapita humo utasikia kamlio "ting" kwenye spika kwa sababu vyuma vya ndani vikitikisika mkondo nao unatikisika. Ukigonga na spika iko kimya kabisa, na umejaribu zote mbili, hapo sema ni taa ya mapambo. Halafu sikiliza wakati wa kuwasha ikiwa imepoa, hita inataka sekunde kumi na zaidi kupata joto, sauti ikitoka palepale kwa nguvu yake yote basi haipiti kwenye valvu.

Wati 100 usahau. Soma adapta. Kama ni volti 19 ampea 3 unazidisha unapata wati 57 jumla, kwa spika zote mbili na joto lake. Haiwezekani itoe 200 kwa 57.

DadaWaIlazo
Mimi ninayo inayofanana na hiyo, iko saluni kwangu, na naipenda kwa moyo wote. Naomba niseme upande wa msikilizaji maana mafundi mnapenda kufungua.

Nilichogundua ni kwamba ilikuja na spika zake za plastiki nyepesi na ikawa ya kawaida tu. Shemeji yangu akaniletea spika kubwa za mbao za mini-sistimu ya zamani iliyokufa deki, tukaunga pale pale, wateja wenyewe wakageuka kuangalia, kwaya ya Pasaka ilikuwa inapigwa ukaweza kutofautisha sauti ya kwanza na ya pili na besi, kila moja mahali pake. Valvu zilezile, amplifaya ileile. Kwa hiyo kaka yangu hela yako nyingi iende kwenye spika.

Zangu zimeandikwa 6J1. Moja ilianza kukwaruza, fundi aliagiza Kariakoo zikaja mbili kwa bei ndogo tu, kubadilisha ni kuchomoa na kuchomeka ikiwa imezimwa na imepoa. Vumbi la kiangazi hapa mjini unalijua, mimi nafuta kwa brashi ya rangi iliyo kavu, sitii maji wala spiriti maana maandishi yanafutika ukashindwa kujua utanunua nini.

Mwanafunzi_Telecom
Naongezea kuhusu 6J1 maana historia yake inaeleza kwa nini ipo kwenye vitu vya bei rahisi. Hiyo ni valvu ileile ambayo Warusi waliita 6Zh1P, Ulaya EF95, Marekani 6AK5, na haikutengenezwa kwa ajili ya mziki hata kidogo, ni ya masafa ya juu, ilitumika kwenye rada na redio za mawasiliano tangu Vita ya Pili ya Dunia. Zilitengenezwa nyingi mno China na Urusi zikabaki stoo, ndogo, hita yake volti 6.3 na mkondo wa ampea 0.175 tu, kwa hiyo ukitaka valvu ya kuweka kwenye kifaa cha bei ya chini hakuna inayokushinda hiyo.

Tatizo ni kwamba vitabu vyake vinaipa volti 120 kwenye anodi, yaani bati lake la ndani linalopewa volti za juu, kwenye hivi vimashine inapata volti ishirini na kitu, thelathini ikibahatika. Inafanya kazi, ila haina nafasi ya kutosha, ukiongeza sauti ya kuingilia inaanza kuchafua mapema. Uchafu wenyewe ni wa aina ambayo sikio linaupenda, unaongeza mlio wa oktavu ya juu ya noti ileile kwa mbali, ndio huo watu wanaita joto au ulaini. Watu wengine wanautaka na mimi sioni ubaya wowote, ila mtu ajue kwamba analipia rangi iliyoongezwa kwenye sauti, si usafi.

Na makampuni makubwa yalishafanya hivihivi. Samsung mwaka 2012 walitoa spika ya kuchomekea simu DA-E750 na hom thieta yenye valvu, mpango ni uleule, valvu mbele na amplifaya ya dijitali nyuma. AOpen mwaka 2002 waliweka valvu kwenye mazabodi ya kompyuta kabisa. Korg mwaka 2015 wakaja na Nutube, valvu bapa iliyotengenezwa kwa teknolojia ya zile skrini za kijani na bluu zinazoonyesha saa na mistari ya kucheza kwenye mini-sistimu za miaka ya 90. Ile skrini yenyewe ni valvu wakuu, ina kathodi inayopata moto, gridi na anodi ndani ya kioo kisicho na hewa. Kwa hiyo wengi wetu tumekulia nyumba zenye valvu sebuleni, hiyo ya deki na ile kubwa ya TV ya chogo, hatukuambiwa tu.

Kaka_wa_Area_C
Hiyo ya skrini ya deki sikuwahi kuifikiria aisee. Nimeelewa, basi narekebisha, si urembo mtupu.

MzeeWaKondoa
Vijana hamjambo. Nimesoma yote mpaka hapa na nimefurahi kuona bado kuna watu wanajali sauti. Mimi nimefanya kazi ya redio tangu enzi za valvu zenyewe, nataka niweke jambo moja sawa, nalo ni hilo la kusema valvu ni kitu cha matajiri. Miaka ya 50 na 60 valvu ndiyo ilikuwa ya watu wa kawaida kwa sababu hapakuwa na kitu kingine, transista, kile kipande kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya valvu, ilivumbuliwa Bell Labs Marekani mwaka 1947 lakini ilichukua miaka mingi kushuka bei.

Hapo jirani zetu, Rodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1949 ililetwa redio ya valvu ya betri iliyojengwa ndani ya sufuria ya alumini kweli, kampuni ya Ever Ready ndiyo iliyotengeneza, ikauzwa pauni 5 na betri yake pauni 1 na shilingi 5 na ikakaa saa 300 hivi, makusudi ni mwananchi wa kijijini asiyekuwa na umeme asikilize matangazo ya Lusaka. Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na waliosikiliza mwanzo wote walisikiliza kwa valvu.

Halafu sahani za santuri za stereo zilipoanza kuuzwa mwaka 1958, Ulaya walitengeneza mashine za kupigia sahani za bei nafuu kabisa, ndani kuna valvu mbili tu, ECL82 moja kila upande. Hiyo ECL82 ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, nusu moja inakuza na nusu nyingine inasukuma spika, na nguvu yake ni wati 3 tu au 3 na nusu. Narudia, wati 3. Nimeziona mashine hizo zikijaza ukumbi mdogo watu wakacheza, kwa sababu spika za wakati ule zilikuwa na karatasi nyepesi na sumaku iliyobana vizuri, wati moja ilitosha kupiga kelele ya maana. Spika ndogo za siku hizi ni nzito, zimetengenezwa zitoe besi kwenye boksi dogo, basi zinakula nguvu nyingi sana kabla hazijasema neno. Ndiyo maana namuunga mkono binti wa Ilazo kuhusu spika.

Na nawaonya vijana mnaookota redio za zamani mkitaka kuzifufua. Zile za bei rahisi, hasa zenye valvu za herufi U mwanzoni, UCL82, UL84 na wenzake, nyingi hazina transfoma ya umeme, hita zimeungwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na bati la ndani linaweza kuwa na volti 230 ukigeuza plagi tu. Na zenye transfoma nazo, kapasita zake, yaani vipande vya kuhifadhi umeme, zinabaki na volti 300 hata ukishachomoa. Usiingize mkono kabla hujazimaliza umeme kwa rezista (kipande cha kuzuia mkondo) na kupima kwa mita. Hivi vimashine vyenu vya adapta havina hatari hiyo, hilo ni jambo jema kwelikweli juu yake.

DadaWaIlazo
Shikamoo mzee. Ile redio ya sufuria nitawasimulia wateja wangu kesho.

MzeeWaKondoa
Marahaba mwanangu.

FundiMakole
Shikamoo mzee wangu, umesema vitu ambavyo vyuoni havifundishwi. Hapo kwenye umeme niongeze, maana kuna mtu ataishia kutamani amplifaya ya valvu kamili ya mtumba. Yenye EL84 nne, hita zake peke yake ni wati karibu 20, ukijumlisha na mkondo wa volti za juu inakula wati 80 hivi muda wote hata mziki ukiwa chini kabisa, na inakupa wati 10 mpaka 15 kila upande. Ni kama uniti moja kila saa 12. Kwa mtu wa Luku mjini inavumilika, kwa mtu wa sola huko Bahi au Mpwapwa hapana. Na usiiwashe kamwe bila spika kuungwa, ile transfoma ya spika inaweza kuungua, na hiyo hupati dukani unaenda kusukiwa upya. Hivi vidogo vya IC vinakula wati chache tu mziki ukiwa chini, hata betri ya sola vinakubali.

Mtu akija anataka valvu ya kweli na hana hela, sitamcheka hata siku moja, ile sauti ya kuimba ikipita kwenye transfoma nzuri ni kitu kingine. Ila namwambia akusanye taratibu.

Mnkuhungu
Wakuu nawashukuru sana, mzee shikamoo. Nimerudi dukani leo asubuhi kabla mtaa haujachangamka, nimeenda na penseli. Muuzaji alishangaa ila aliniruhusu.

Majibu: ting ipo, kwenye vioo vyote viwili, kushoto inasikika spika ya kushoto na kulia ya kulia. Nilipoiwasha ikiwa baridi sauti ilianza ndogo ya kukwama ikaja kufunguka taratibu. LED ipo chini kama fundi alivyosema, ukiziba kwa mkono valvu yenyewe unaona kidoti chekundu tu katikati. Imeandikwa 6J1. Adapta volti 19 ampea 3. Muuzaji nilipomwonyesha adapta na hesabu ya wati hakubishana, akasema yeye ameuziwa hivyo.

Spika zake nimeziinua ni nyepesi mno, na kile kinachoonekana twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ni kifuniko tu, hakuna kitu nyuma yake. Nimeuliza amplifaya peke yake bila spika, ameniambia laki na nusu na adapta yake. Sasa nabaki na laki mbili. Je nichukue amplifaya hiyo halafu spika nitafute za mtumba? Na nikienda kwa mafundi nitaangalia nini?

FundiMakole
Chukua, mkuu. Kwa laki na nusu ni halali kabisa, na IC ile ya ndani ni nzuri kuliko bei yake. Kwa adapta ya volti 19 na spika za ohm 8 hesabu wati 20 hivi kila upande, sebule hiyo utapunguza mwenyewe.

Spika tafuta za mbao nzito, njia mbili, yaani koni moja ya inchi 5 au 6 na nusu na twita ya kweli, zile za mini-sistimu za Japani za miaka ya 90 zipo nyingi kwa mafundi, jozi kwa laki moja au chini hukosi. Ukifika, kwanza angalia ule mzunguko unaoshika koni, ukiwa wa sponji bonyeza kwa kidole, ukiwa umeoza unamomonyoka mkononi, acha. Wa mpira unadumu zaidi. Kisha sukuma koni ndani polepole kwa vidole vya pande zote mbili sawasawa, ikikwaruza koili imeharibika. Pima kwa mita, spika ya ohm 8 inasoma 6 hivi, ya ohm 4 inasoma 3 na kitu, zote amplifaya yako inabeba ila ya 4 itaipa joto zaidi. Twita ipime kwa sauti ya zeze kabisa, weka mziki wako mwenyewe, usikubali kupimiwa kwa mziki wa fundi.

MzeeWaKondoa
Na aweke spika usawa wa masikio akiwa amekaa, zisikae sakafuni wala kubanwa kwenye kona. Kona ndiyo inayozaa ile dum dum anayoikimbia.

Mnkuhungu
Nimeelewa. Swali la mwisho, spika za mini-sistimu nyingi nimeona waya zake hazina alama, moja nyeusi nyingine nyeusi ina mstari. Nitajuaje ipi chanya?

Mwanafunzi_Telecom
Ya mstari mara nyingi ni hasi lakini usiamini, kila kiwanda kilijichagulia. Chukua betri moja ya tochi ya volti 1.5, gusisha waya kwa sekunde moja tu huku unaangalia koni kubwa. Ikisogea mbele kuja kwako, waya iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya ya spika, iwekee alama. Ikirudi ndani, kinyume chake. Fanya kwa zote mbili kabla hujaziunga, maana ukigeuza moja koni zinasukumana kinyume, besi inapotea na mwimbaji hatoki katikati anakuwa kama yuko kila mahali.

Mnkuhungu
Nimeandika yote pembeni. Kesho naanzia kwa mafundi wa spika, amplifaya nimeacha elfu 50 ya kishikizo.